Kilomita ya 23 inanimaliza kila Jumapili. Niendelee na 42 au nirudi kwenye 21?

Fundi Mori

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza Mori, miaka 44. Nakimbia huu mwaka wa tatu. Sijawahi kuwa mwanariadha hata shule ya msingi, kilichonitoa ndani ni mgongo. Ukikaa kwenye stuli toka asubuhi mpaka saa tatu usiku umeinamia sindano, ukifika arobaini kiuno kinaanza kukudai. Mwaka jana nilienda Moshi nikakimbia 21 ya Kilimanjaro Marathon kwa saa 2 na dakika 9. Kile kilima cha Mweka nilikipanda bila kutembea, nikashuka nimekenua meno kama mtu aliyeokota pochi. Kichwa kikavimba. Mwaka huu nikalipia 42.

Sasa zimebaki wiki tano. Kila Jumapili nikifika kilomita ya 22, 23 hivi, nakwisha. Sisemi kuchoka, kuchoka nakujua. Nakwisha. Jumapili ya kwanza nikalaumu chakula, ya pili nikalaumu raba. Juzi ilikuwa ya tatu, nikajikuta nimekaa kwenye ukingo wa barabara pale Victoria, karibu na sheli, kijana wa bodaboda ananiuliza, "Mzee, nikupeleke hospitali au nyumbani?" Nikapanda. Kilomita nne zilizobaki nimezimalizia kwenye pikipiki.

Naweka wiki yangu ilivyokuwa, mniambie nakosea wapi.

Jumatatu sikukimbia. Jumanne kilomita 8, Shekilango hadi Bamaga, nikasogea Mwenge nikarudi, dakika 46. Nilijisikia vizuri sana. Jumatano vilima vya Chuo Kikuu. Kutoka kwangu ni karibu, nakatiza Mlimani City naingia ndani. Nilipanda mara sita, tumbili wananiangalia kama nimepoteza kitu. Jumla kilomita 11 na kurudi. Alhamisi kilomita 8 tena, dakika 45.

Hapo Alhamisi niongeze kitu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu unaofanya kazi kubwa ni wa kulia. Mchana nikiwa katikati ya zipu ya gauni, kigimbi kikabana mguu ukiwa juu ya pedali. Nikapiga ukelele mpaka mteja akadhani nimejishona kidole. Kuanzia hapo nikawa nakanyaga kwa kushoto, na mishono ya siku ile naijua mwenyewe.

Ijumaa nilipumzika. Jumamosi kilomita 5 za kunyoosha miguu.

Jumapili nilitoka saa 12:20 asubuhi. Bamaga, Makumbusho, Morocco, Namanga, nikashuka Daraja la Tanzanite, nikageuka mpaka Coco, nikazunguka Masaki, nikaanza kurudi. Nilikunywa chai na chapati moja kabla ya kutoka, na maji chupa ndogo moja nikanunua Coco. Mpaka kilomita ya 18 nilikuwa mfalme. Saa 2:45 nilikuwa kwenye ule ukingo wa Victoria.

Kuna mtu kaniambia ninunue zile jeli za kunyonya njiani kupata nguvu. Nimeulizia bei, kifuko kimoja napata mchele wa kutosha nyumba nzima. Swali langu: nirudi 21 kabla sijaaibika Moshi, au kuna namna?

(Kaptula nashona mwenyewe, kwa hiyo huko sina wa kumlaumu.)

Ubungo Maziwa

Mkuu 42 siyo mchezo ila usirudi nyuma, utachekwa. Simbu, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, alimpita Mjerumani kwenye mashindano ya dunia Tokyo kwa sehemu 3 za mia za sekunde baada ya kilomita 42, wewe unakatishwa tamaa na Victoria? Fanya hivi: kopo moja la enaji kabla ya kutoka, halafu meza diklofenaki nusu saa kabla. Maumivu utayasikia kwa jirani.

Nesi wa Zamu

Ubungo Maziwa, kaka yangu, hiyo ya diklofenaki futa kabla mtu hajaifuata.

Ukikimbia saa mbili na nusu kwenye joto la Januari unapoteza maji mengi, na damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo zina namna yake ya kujitetea hali ikiwa hivyo, na dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni zinaizuia namna hiyohiyo. Unaweza ukamaliza mbio unatabasamu, kesho yake ukawa mgonjwa wetu. Na maumivu yaliyonyamazishwa hayajaondoka, unayakimbilia juu.

Fundi, nina swali. Pale Victoria ulikuwa unajua uko wapi? Ulikuwa unaongea vitu vinavyoeleweka? Naulizia kwa sababu mkimbiaji akianza kuchanganyikiwa kwenye joto, hata kama jasho bado linamtoka, hiyo ni dharura: kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na hospitali bila kusubiri.

Fundi Mori

Ahsante dada nesi. Akili ilikuwepo. Bodaboda alianza na buku tatu, nikamshusha mpaka mbili.

Nesi wa Zamu

Haya, basi akili ilikuwepo.

Mama Wawili Kimara

Fundi, shikamoo kama unastahili, mimi nina 39. Hiyo 42 ya Moshi nimeikimbia mara tatu, ya kwanza nikaimaliza nikilia, kwa hiyo naongea kwa uzoefu wa machozi.

Nimechukua kalamu nikapiga hesabu zako. Kilomita 8 kwa dakika 46 ni dakika 5 na sekunde 45 kwa kilomita. Mwaka jana Moshi, siku ya mashindano yenyewe, 21 yako ya saa 2 na dakika 9 ilikuwa kama dakika 6 na sekunde 7 kwa kilomita. Umeona? Jumanne yako ya mazoezi unakimbia kwa kasi kuliko siku uliyovaa namba kifuani. Alhamisi tena. Katikati yake umeweka vilima. Wewe huna siku nyepesi hata moja, una siku za mashindano nne ambazo hakuna anayekupa medali. Hao kina Simbu siku ya mbio wanakwenda kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita, lakini siku nyepesi wanashuka mbali sana na hapo, mbona wao hawaoni haya?

Jumanne na Alhamisi kimbia polepole mpaka uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwako nakisia dakika 7 na kitu. Wamama wanaokwenda sokoni watakupita, waache wapite. Jumapili iwe 7 na nusu. Wewe juzi ulikuwa unakwenda 6 na sekunde 18, na ukaanzia saa 12:20. Saa mbili asubuhi Januari hii Dar ni joto la kuanikia dagaa. Moyo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kusukuma damu miguuni na kuipeleka kwenye ngozi ipoe. Kitu lazima kiachie.

Na maji. Chupa ndogo moja kwa saa mbili na nusu? Wala sitaki nikuambie unywe lita ngapi, maana mwingine atasoma hapa akajijaza maji matupu mpaka chumvi kwenye damu ikapungua mno, na hiyo nayo inaua. Jipime. Uzito kabla ya kutoka, uzito ukirudi, bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ongeza na ulichokunywa njiani, gawa kwa saa ulizokimbia. Basi, unajua unavuja kiasi gani.

Halafu kuna kitu umekiruka. Umetuandikia chapati, tumbili, zipu na nauli ya boda. Hujaandika unalala saa ngapi.

Fundi Mori

Mama Wawili umenipiga pabaya. Nimesoma hapa mke wangu yuko nyuma ya bega anacheka.

Wakuu, Januari kwa fundi ni msimu. Shule zimefunguliwa, na kila mzazi anakumbuka sare ya mtoto siku mbili kabla. Sketi za marinda, kaptula za kaki, mashati meupe, tena anasimama pale pale mlangoni anasubiri. Jumamosi ile nilishona mpaka saa 8 usiku. Nimelala kwa muda wa kama saa tatu na nusu tu, nikaamka kukimbia. Na Jumamosi ya kabla yake hivyohivyo. Na ile ya kwanza pia, sasa nikikumbuka.

Sikuandika kwa sababu sikuona kama ni sehemu ya mazoezi.

Mama Wawili Kimara

Ndiyo mazoezi yenyewe hayo. Miguu haijengeki barabarani, barabarani inabomoka, inajengeka ukilala. Hamisha hiyo mbio ndefu. Kama Jumamosi usiku ni wa marinda, kimbia Jumatatu alfajiri. Nani kaandika mbio ndefu ni lazima Jumapili?

Fundi Mori

Jumatatu ndiyo siku ya kwenda Kariakoo kuchukua vitambaa. Nitaona. Wiki hii nitawaambia wateja Jumamosi mwisho saa 12 jioni. Mmoja ameshanuna.

Mtoto wa Pasua

Karibu Moshi fundi. Mimi nyumbani ni huku, hiyo njia naitembea hata bila mbio. Usidhani 42 ni ile 21 yako mara mbili. 21 inaanza kupanda Mweka wakati miguu bado mipya, kisha unashuka unakuja uwanjani. 42 nusu ya kwanza wanawapeleka kwenye barabara ya Dar na kuwarudisha, tambarare, unaona mambo mepesi, unaongeza mwendo. Halafu ndiyo mnapandishwa Mweka. Yaani kilima kinakukuta umeshakimbia 21 tayari. Watu wanaoanza kwa mbwembwe tunawaokota huko juu wanatembea wameshika viuno.

Uwanja wa Ushirika mnapoanzia upo zaidi ya mita 800 toka usawa wa bahari, Mweka ni juu zaidi, ila mtu wa Dar hewa haitamsumbua kiasi hicho. Kitakachomsumbua ni kushuka. Kushuka kunavunja mapaja ya mbele vibaya kuliko kupanda. Hapo Mlimani ukipanda mara sita, ule mteremko unashuka vipi, unatembea au unakimbia?

Fundi Mori

Natembea. Nilidhani ndiyo mapumziko.

Mtoto wa Pasua

Uwe unakimbia baadhi. Hatua fupi, usikanyage kisigino kwa kishindo. Na alfajiri huku kuna kaubaridi katamu, kasikudanganye. Ikifika saa nne jua la Februari hata sisi wenyeji tunalikimbia.

Tabata Kimanga

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Fundi umesema kaptula unashona mwenyewe. Mimi zangu za dukani zinanichubua mapajani, nikifika kilomita 15 natembea kama mtu aliyeshuka kwenye farasi. Mafuta ya mgando napaka, yanayeyuka na jasho. Unashonaje wewe?

Fundi Mori

Hapo sasa umeniita ofisini kwangu.

Kaptula nyingi mshono wa kuunganisha mapaja unapita katikati, chini ya msamba, na pindo zote zinakutana hapohapo. Ukiigeuza ndani nje utaona kifundo kidogo kigumu kama punje ya choroko. Hiyo punje kwa kilomita 20 ni hatua maelfu, msumeno ule. Mimi nakata kiraka cha umbo la almasi nakiweka pale kwenye msamba, kwa hiyo ile mishono minne haikutani sehemu moja. Kisha ovaloki, ule mshono wa kuzuia kitambaa kisifumuke, naigeuzia nje, ndani kunabaki laini. Kwa macho inaonekana kama umevaa kaptula nje ndani, kuna mzee alinisimamisha Makumbusho kunitahadharisha. Nikamshukuru.

Kitambaa tumia cha jezi, kile chepesi chenye vitundu. Pamba ikilowa haikauki. Na lastiki ya kiuno iwe pana, nyembamba inakata.

Tabata Kimanga

Unauza?

Ubungo Maziwa

Diklofenaki nimefuta. Na mimi weka moja, kiuno 36.

Fundi Mori

Wakuu narudi na majibu ya Jumapili ya jana.

Jumanne na Alhamisi nilikimbia kwa dakika 7 na sekunde 20. Aibu niliyoipata naijua mimi. Pale Bamaga kuna konda ananijua, akatoa kichwa dirishani, "Fundi leo unaumwa?" Lakini Alhamisi mchana kigimbi kilikaa kimya kwenye pedali siku nzima.

Jumamosi nilifunga saa 12:30 jioni. Nikala wali na maharage, nikalala saa 3. Mizani nyumbani sina. Kuna jamaa anapima watu uzito hapa kituoni, nikamwambia anikodishe mizani yake usiku mmoja kwa buku. Akauliza mara tatu naipeleka wapi. Alfajiri nikapanda juu nikiwa na bukta tu: kilo 71.5.

Nikatoka saa 10:30. Nimejishonea mkanda wa ile tepu inayong'aa, nikapita barabara zenye taa, na kwa mara ya kwanza nikamwomba jirani yangu anayeendesha baiskeli anisindikize mpaka kupambazuke. Tulifika Morocco wakati adhana ya alfajiri inaisha. Kule darajani upepo wa kaskazi unatoka baharini unakupiga ubavuni, nikajikuta nasikia raha kama nimefunguliwa jokofu. Nilibeba chupa mbili, moja ya maji, moja ya ORS kama pakiti ilivyoelekeza, Coco nikajaza tena ya maji. Mfukoni tende kumi na mbili nimezitoa kokwa, mbili kila dakika 30. Mfuko wenyewe nimeushona kwenye kiuno cha nyuma. Jeli mtanunua ninyi.

Wakati wa kurudi, jua ndiyo linachomoza, likaja kundi la jogingi. Mnawajua wale wa Jumapili, fulana za rangi moja, filimbi, wimbo mmoja anaanzisha wote wanaitikia, barabara nzima yao. Wakanipita pale Namanga na mimi miguu ikaanza kwenda na filimbi yenyewe, bila kuniuliza. Nikaangalia saa: 6 na sekunde 10. Nikajilazimisha nikawaacha. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya wiki hii, kuliko vilima.

Victoria nilifika kilomita ya 22. Yule kijana wa boda yupo palepale. "Mzee, leo hupandi?" Sikupanda. Nikaenda Makumbusho, Sayansi, Bamaga, na kwa sababu zilikuwa hazijatimia nikazunguka mitaa ya Sinza mpaka ikasoma 26. Saa 3 na dakika 15 jumla. Nilirudi saa 1:45, watu ndiyo wanatoka kununua maandazi.

Mizani: 69.8. Nilikunywa karibu lita 2. Kwa hesabu za Mama Wawili nimetoka jasho kama lita 3.7, yaani lita moja na kidogo kwa saa. Ile wiki ya chupa ndogo moja sitaki hata kuipigia hesabu.

Haikuwa tamu yote. Kuanzia kilomita ya 24 mapaja ya mbele yakawa kama mbao, na kucha ya kidole kikubwa cha kushoto imekuwa rangi ya bilinganya. Sasa sijui kama hiyo 26 polepole inatosha kunipandisha Mweka nikiwa na 21 mguuni.

Mama Wawili Kimara

Jumapili ijayo 29, ile inayofuata 32, baada ya hapo unapunguza mpaka siku ya mbio, usiongeze hata kilomita moja kwa tamaa. Jumatano shuka Mlimani unakimbia kama alivyosema Pasua. Kucha hiyo ni raba ndogo, unatakiwa uwe na nafasi ya unene wa kidole gumba mbele. Kanunue mchana, mguu ukiwa umevimba kidogo, siyo asubuhi.

Siku ya mbio ile tambarare ya barabara ya Dar kimbia kwa 7 na nusu hiyohiyo hata wakikucheka. Na mimi nataka kaptula.

Nesi wa Zamu

Kucha usiitoboe mwenyewe na sindano ya cherehani. Nakujua.

Fundi Mori

Nesi, sindano nilishaishika, nimeirudisha.

Raba nitaangalia Karume keshokutwa. 42 naiacha ilivyo, sirudi 21.

Mama Wawili yako haina malipo. Nitumie faragha kiuno, nyonga, na paja pale lilipo nene, futi kamba iguse tu isibane, na upimwe na mtu mwingine, ukijipima mwenyewe unainama kipimo kinadanganya. Tabata na Ubungo vilevile, ila ninyi mnalipa. Nitaanza Alhamisi, hapa mezani nina sketi kumi na moja za marinda na mwenye nazo amesimama mlangoni.